Farasi wa Ayubu Darasani Minova

Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza swali baada ya ibada, nami naona linastahili jibu refu kuliko lile nililompa pale mlangoni. Je, ni halali kumwacha mtoto ampende mnyama hadi mawazo yake yote yajae mnyama huyo, wakati tumeagizwa kumpenda Mungu kwa moyo wote? Alimkusudia mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne, mtoto wa familia iliyoshuka kutoka milima ya Masisi kwa sababu ya vita. Mtoto huyu anapenda farasi. Hapa Minova, kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, tuna ng'ombe, mbuzi, nguruwe na bata, lakini farasi hakuna. Yeye amemwona kwenye kalenda na kwenye filamu, basi. Hata hivyo humchora kwenye kila karatasi inayomfikia, hata pembeni mwa mazoezi ya hesabu.

Kabla farasi hajaingia darasani, alikuwa akisoma Kifaransa kama wenzake wengi: maneno yanatoka mdomoni, macho yamekaza usoni kwangu. Nikikunja uso anabadilisha jibu; nikitabasamu anamalizia kwa sauti. Walimu wa huku tunaijua hali hiyo. Madarasa yalikuwa yamejaa tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, kisha wakaja watoto wa wakimbizi. Aliyebanwa katikati ya benchi hujifunza kusoma uso wa mwalimu kabla hajajifunza kusoma ubao.

Siku moja nikawasimulia wanafunzi habari za Hans, farasi wa mwalimu mstaafu wa hesabu mjini Berlin, Wilhelm von Osten. Mwaka 1904 sifa za farasi huyo zilikuwa zimeenea kote. Akiulizwa mbili na tatu ni ngapi, aligonga ukwato chini mara tano. Mtafiti Oskar Pfungst alimchunguza kwa makini, na mwaka 1907 akatoa kitabu kuonyesha kwamba Hans hajui hesabu. Alikuwa akisoma mwili wa anayemuuliza: bila mwenyewe kujua, muulizaji aliinua kichwa kidogo pale idadi ilipotimia, na Hans akaacha kugonga. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hakulijua.

Darasa lilicheka. Mtoto wetu hakucheka. Akauliza, "Mwalimu, kumbe Hans alikuwa anawaangalia watu kuliko wao walivyomwangalia?"

Nikamwandikia aya chache za Kifaransa kuhusu farasi. Kwamba farasi anaweza kusinzia akiwa amesimama, kwa kuwa viungo vya miguu yake hujifunga visilegee. Kwamba kila mguu wake una kidole kimoja tu, na ukwato ni ukucha wa kidole hicho. Kwamba hubeba mimba karibu miezi kumi na moja. Alisoma huku kidole kikitembea chini ya mistari, akasimama, akarudi nyuma. Hakuniangalia hata mara moja. Kisha akabisha: ng'ombe ni miezi tisa, kwa nini farasi azidishe? Akahesabu mwenyewe kwamba jike aliyepandwa Machi atazaa Februari. Akataka kujua kwa nini kwetu hakuna farasi, tukafika kwenye ndorobo na ugonjwa wa nagana anaoueneza, na kwenye vijidudu virukavyo vinavyoeneza tauni ya farasi katika Afrika. Akaitafuta Ethiopia kwenye ramani ya ukutani, kwa kuwa milima yake imefuga farasi tangu zamani. Hata wingi wa neno la Kifaransa *cheval* (farasi), uliomshinda kwa muda mrefu, ulikaa kichwani, na *journal* ikafuata.

Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa, aliandika mwaka 1942 kwamba kazi za shule humzoeza mtu kuwa makini, na kwamba umakini huo ndio kiini cha sala. Alisema pia kuwa akili huongozwa na hamu na furaha. Mimi nayaamini hayo kwa sababu nimeyaona. Mtoto anayetazama uso wangu anatafuta usalama wake. Anayetazama farasi amejisahau, anatafuta ukweli wa kitu ambacho hakimwogopeshi wala hakimlipi. Sijui njia iliyo karibu zaidi na ibada kwa mtoto wa miaka kumi.

Mzee alinikumbusha Zaburi ya 33, kwamba farasi hafai kitu kwa wokovu. Ni kweli, nami sibishani na Zaburi. Inamkemea mfalme anayetegemea farasi wake ashinde vita. Lakini fungua Ayubu sura ya 39. Mtu amepoteza watoto, mali na afya, anataka kujua kwa nini, na Mungu anamwonyesha farasi: shingo yake, mruko wake, anavyopiga chini kwa kwato. Naye pia ni farasi wa vita. Tofauti ni kwamba Ayubu hapewi ampande. Anaulizwa tu kama ni yeye aliyempa nguvu zile. Katika mji uliofikiwa na vita mwezi Januari 2025, naisoma sura hiyo polepole.

Hapo ndipo hofu ya mzee inageuka kuwa onyo kwangu mimi. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, huwasha taa usiku ili samaki waifuate hadi wavuni. Nikimtumia farasi vivyo hivyo ili kupitisha sarufi, mtoto atagundua, na macho yake yatarudi usoni kwangu. Lazima nami nitake kumjua farasi kwa kweli.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wa Minova na walimu wenzangu: mkikuta mnyama amechorwa kwenye daftari la hesabu, msilichane wala msimpige mtoto. Mwulizeni mnyama huyo anakula nini, kisha mtafute jibu pamoja naye.