Haki na Moyo Ulioguswa

Je, anayetaka kuhukumu kwa haki ni lazima azime hisia zake kwanza? Wengi husema ndiyo, na historia ya Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, inaonekana kuwaunga mkono. Mwaka 1992, baada ya Étienne Tshisekedi, Mkasai, kuchaguliwa waziri mkuu kule Kinshasa, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa majumbani mwao mjini Likasi, nyingine zikiwa zimekaa hapo kwa vizazi tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière. Maelfu walilala stesheni na kandokando yake wakingoja treni, na wapo waliofia hapo hapo. Kama jazba ndiyo iliyowasha moto huo, wanasema, dawa yake ni ubaridi.

Hoja hiyo imeona nusu tu ya jambo. Miaka ile Wakasai waliitwa hadharani bilulu, yaani wadudu. Jina hilo lilichochea hasira, ni kweli, lakini lilifanya kazi nyingine mbaya zaidi: lilimwondolea jirani uchungu, kwa maana hakuna amliliaye mdudu aliyekanyagwa. Chuki ya wachache haiwezi kupita mtaani bila kuzuiwa mpaka wengi wamekufa ganzi. Najua wanafalsafa wa kale, Wastoa, watatajwa hapa, kwamba walifundisha kujitoa katika jazba. Lakini Marcus Aurelius, kaizari wa Roma na Mstoa mwenyewe, alimsifu mwalimu wake Sextus kwa mambo mawili pamoja: kutotawaliwa na jazba, na kuwa na upendo mwingi. Na hakimu asiyeguswa na chochote atawezaje kupima? Mbele yake kuna orodha ya vilivyopotea: nyumba, baiskeli, masufuria, mtoto aliyezikwa karibu na reli. Ni uchungu unaomwonyesha kipi kati ya hivyo hakina fidia.

Katanga hii hii ilikwisha kusikia fundisho la namna hiyo. Padri Placide Tempels, aliyetoa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu mwaka 1945, alianzisha vuguvugu la Kikatoliki la Jamaa katika miaka ya 1950 pamoja na wachimba madini wa Kolwezi na wake zao, wakifundishana kwa Kiswahili uzima, uzazi na mapendo. Mtu atauliza: mbona mapendo hayo hayakuizuia 1992? Swali ni la haki, na halina jibu jepesi. Nadhani mapendo yanayoishia kwa wa kwetu huweza hata kuilisha chuki, na hapo ndipo utulivu unapohitajika: kuishika hasira yetu kwa muda, ili uchungu wa asiye wa kwetu upate kutufikia. Kazi ya utulivu inaishia hapo.

Kwa hiyo wanaofundisha historia hii, mashuleni na parokiani, wawape nafasi waliolala stesheni ile waseme wenyewe, na wasiwakatize wanapolia.