Jibu Moja la Mwenye Ghala

Mfanyabiashara wa mahindi wa Kaniha, wilayani Biharamulo, anajua kupanga bei, kukagua nafaka kwa jicho na kiganja, na kuelewana na dereva wa fuso. Ni wachache mno waliowahi kufundishwa namna ya kujibu swali la mwandishi wa habari. Kisa hiki ni cha kubuni, lakini kila aliyekaa karibu na biashara ya nafaka mkoani Kagera atayatambua maneno yake.

Ni msimu wa mavuno na mvua imechelewa kukatika. Mwandishi wa redio anafika ghalani, anaamkia, anawasha kinasa sauti. "Mzee, wasikilizaji wetu wana hofu ya sumukuvu. Mahindi yako ni salama?"

Mwenye ghala yuko katikati ya kuhesabu magunia. Anacheka. "Sumukuvu! Mahindi haya tumeyala tangu utotoni, mbona hatujafa? Anayeogopa asinunue."

Kisha anatulia, na kwa robo saa nzima anasema mambo ya maana. Amenunua maturubai ya kuanikia. Ana kipima unyevu. Wiki iliyopita aliurudisha mzigo mzima kwa sababu haukuwa umekauka. Mwandishi anashukuru na kuondoka.

Jioni, redioni, linasikika lile jibu la kwanza tu. Kesho yake sauti imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya wanunuzi wa Kahama na Mwanza. Mmoja anaahirisha kuchukua mzigo. Mwingine anadai cheti cha maabara. Shule iliyokuwa ikinunua mahindi ya wanafunzi pale inatafuta ghala jingine. Na wakulima, ambao hawakutamka lolote, wanaambiwa kuwa mahindi ya huko yana maneno, kwa hiyo bei imeshuka.

Mwandishi hakumwonea mtu. Aliuliza swali ambalo kila mlaji ana haki ya kuliuliza. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri au iliyohifadhiwa penye unyevu, na hudhuru ini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki dunia kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tarehe 5 Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwenye kufanya mzaha na jambo lililokwisha kuzika watu huwaumiza waliofiwa, na huwapa wanunuzi sababu ya kumkimbia.

Usidhani kwamba hili huwapata wafanyabiashara wa vijijini peke yao. Michael Joseph aliiongoza Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, tangu mwaka 2000 hadi 2010. Aliikuta kampuni ikiwa na wateja wasiofika 20,000, akaiacha na zaidi ya milioni 16, na M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 akiwa madarakani. Hata hivyo, Wakenya wengi wanamkumbuka kwa kauli moja. Alipokuwa akieleza sababu ya mtandao kuelemewa, alisema kuwa Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu. Nyuma ya kauli hiyo palikuwa na hoja ya kitaalamu, kwa kuwa simu nyingi zikipigwa kwa wakati mmoja mitambo hulemewa. Lakini mteja aliyelipia huduma na kukatikiwa na simu hakusikia habari za mitambo. Alisikia kwamba mwenye kosa ni yeye.

Wengine walilipa zaidi. Aprili 2010, mtambo wa Deepwater Horizon uliokuwa ukichimba mafuta kwa ajili ya kampuni ya BP ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko, wafanyakazi 11 wakafa na mafuta yakatapakaa baharini. Mwezi uliofuata, mkuu wa kampuni, Tony Hayward, aliwaambia waandishi kwamba hakuna aliyetamani jambo hilo liishe kuliko yeye, kwamba alitaka kurudishiwa maisha yake. Aliomba radhi baada ya siku chache, lakini familia za watu 11 zilikuwa zimeshamsikia. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

Ukiwaweka watatu hao pamoja, utaona hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kila mmoja alijibu akijitazama mwenyewe: huyu hadhi ya ghala lake, huyu mitambo yake, huyu uchovu wake. Aliyeumia, au mwenye hofu ya kuumia, hakuwemo katika jibu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wa mfanyabiashara hujikwaa hapo hasa, anaposahau kwamba nyuma ya kinasa sauti kuna mama anayesonga ugali wa watoto.

Ndiyo maana mafunzo ya kuzungumza na vyombo vya habari yana faida, na hayahitaji hoteli wala gharama kubwa. Kwanza, kabla ya kukubali mahojiano, uliza: ni kipindi gani, ni ya moja kwa moja au ya kurekodiwa, mada ni ipi, na nani mwingine atahojiwa. Ukihitaji nusu saa ya kujiandaa, iombe, kisha uwe pale muda ukifika. Mtu akizima simu, wasikilizaji huamua wenyewe kwa nini ameizima.

Pili, tunga sentensi moja ambayo ungependa ibaki hata maneno mengine yote yakikatwa, maana mhariri atayakata tu. Ianze na mlaji, ifuatiwe na unachokifanya. Mwenye ghala wetu angeweza kusema: "Hofu hiyo ni ya haki, kwa sababu sumukuvu inaua. Hapa hatupokei mahindi yasiyokauka, na kipima unyevu hiki hapa, njoo uone." Mambo hayo yote alikuwa nayo. Aliyachelewesha tu.

Tatu, mpe karani au mwenzi wako nafasi ya kukuuliza maswali unayoyaogopa, kwa sauti, huku simu ikirekodi. Jisikilize. Utagundua mahali unapopandisha sauti, unapomcheka muulizaji, unapojaza ukimya kwa maneno usiyoyapima. Usilojua, sema hulijui na uahidi saa ya kuleta jibu, kisha lilete. Na usidhani kuna maneno ya pembeni: alilolisikia mwandishi amelisikia, hata kama kinasa sauti kimezimwa.

Nne, usimpe mwandishi bahasha. Habari iliyonunuliwa haimlindi mtu siku ya taabu, na anayeipokea leo anaweza kuipokea kesho kwa mshindani wako.

Hata hivyo, mafunzo haya hayana uwezo wa kukausha mahindi. Ghala lenye nafaka mbichi halitaokolewa na ufasaha, na anayejifunza kuzungumza ili kuficha sumu anawadhulumu walaji mara mbili. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Timiza hilo kwanza, ndipo uende kwenye maikrofoni. Aliyefanya kazi yake kwa uaminifu hana mengi ya kukariri.

Ushirika wa wakulima, wenye maghala na maofisa biashara wa halmashauri wanaweza kulianza jambo hili bila kungoja mfadhili. Wilaya jirani ya Ngara ina Radio Kwizera, iliyoanza mwaka 1995 wakati wa wimbi la wakimbizi. Waandishi wa huko waalikwe kwa siku moja kabla ya msimu, waulize maswali makali, na kila mwenye ghala ajibu mbele ya wenzake. Atakayejikwaa siku hiyo atarekebishwa na rafiki zake. Akijikwaa hewani, wakulima wote wa Kaniha watalipa pamoja naye.