Uzuri wa Mji na Bei Yake

Wazee wa pwani husema kuwa macho hayana pazia. Maneno hayo humtetea mtu aliyelaumiwa kwa kutazama. Lakini hayakusema kuwa moyo nao hauna pazia. Jicho hupokea kila kipitacho mbele yake. Moyo una hiari ya kupokea na kukataa. Msafiri akienda katika mji mkuu mmoja wa Ulaya ili aone sanaa zake, anunue katika maduka yake na ale vyakula vyake, akajua kuwa sehemu ya uzuri ule ililipwa kwa jasho na damu ya watu wa mbali, je, furaha yake ni halali? Na kama si halali, wajibu wake ni kufumba macho au kuyafumbua zaidi?

Swali hili laweza kuulizwa katika miji mingi, lakini katika Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, lina sauti kubwa kuliko kwingine. Sababu ni kuwa deni la mji huo lina jina na tarehe. Tangu 1885 hata 1908 nchi ya Kongo haikuwa koloni la taifa, bali milki ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II, ambaye hakupata kuikanyaga. Pembe na mpira vilitolewa kwa nguvu. Vijiji vilitozwa kiasi cha utomvu. Wanawake walitiwa kifungoni hata waume zao walete kiasi hicho. Na askari walikata mikono ya watu iwe ushahidi wa risasi walizotumia. Wanahistoria hawajaafikiana juu ya idadi ya waliokufa, lakini wengi wao huihesabu kwa mamilioni.

Walakini haki haina budi kutendeka kwa pande zote. Mgeni wa Brussels huanza aghalabu katika uwanja uitwao Grand-Place. Mnara wa jumba la baraza la mji, wenye urefu wa meta 96, umesimama pale tangu karne ya 15. Nyumba zinazouzunguka uwanja zilikuwa za vyama vya waokaji, wapika pombe, wachinjaji na wenye mashua za mtoni. Agosti 1695 majeshi ya Louis XIV wa Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga, na nyumba hizo karibu zote zikateketea. Wenyewe wakazijenga upya katika miaka michache, nzuri kuliko zilivyokuwa. Uzuri wa uwanja ule haukungoja mpira wa Kongo. Kudai kuwa kila jiwe la Ulaya ni la wizi ni kosa la hesabu, na mwenye kudai zaidi ya haki yake hudhoofisha hata haki aliyo nayo.

Shida huanza mgeni anapoondoka uwanjani akaelekea mashariki, kwenye bustani ya Cinquantenaire. Hapo pana tao kubwa lenye milango mitatu na gari la shaba juu yake. Bunge halikuwa na hamu ya kutoa fedha za kulimaliza. Mfalme akazitoa kwa mlango wa nyuma, kwa majina ya wafadhili wengine, na chimbuko la fedha hizo lilikuwa Kongo. Likakamilika 1905. Si mbali na hapo ipo nyumba aliyoisanifu Victor Horta, ambamo chuma kimepindwa kama mmea utambaao na nuru hushuka kutoka kuba la kioo kama maji. Hapana mtu mwenye macho awezaye kusema kuwa si nzuri. Mwenyewe aliyeiagiza alikuwa Edmond van Eetvelde, katibu mkuu wa serikali ile ile ya Leopold iliyotoza utomvu.

Watu wengine hujibu kuwa jiwe halina dhambi. Fundi aliyechonga hakumkata mtu mkono. Mfalme amekwisha kufa. Na kioo chapitisha nuru sawasawa juu ya mwema na mwovu. Jawabu hili lina ukweli, ila limejibu swali lisiloulizwa. Hapana aliyelishitaki jiwe. Aliyeulizwa ni mtazamaji, naye yu hai, ana akili, na tiketi amenunua kwa hiari yake.

Wengine, na aghalabu ni vijana wenye moyo safi, huona kuwa heshima ni kususa: wasiingie, wasile, wasinunue. Nia yao ni njema, lakini faida yake ni ndogo. Mkono uliokatwa Équateur hauoti tena kwa kuwa mtu mmoja hakuonja chokoleti. Tena mwenye kususa yuko katika hatari ya kujali usafi wake kuliko msiba wa wenziwe. Hujitia udhu, akasahau maiti.

Kipimo cha haki zaidi chaelekea kuwa hiki: furaha iliyo halali ni ile isiyohitaji kuficha asili yake mbele ya mtu aliyeilipia. Na awazwe msafiri ameketi mezani na mjukuu wa mtu wa Kindu au wa Mbandaka. Kama aweza kumwambia kitu hiki ni nini, kimetoka wapi na kililipwa na nani, bila ya kubadili mazungumzo, basi na ale. Kama furaha yake hufa mara swali linapoulizwa, basi ilikuwa ikiishi kwa kutoulizwa, na huo ndio wizi wa pili.

Kipimo hiki hakiishii kwa wafu. Karibu na Grand-Place pana njia ya maduka iliyoezekwa kioo, Galeries Royales Saint-Hubert, iliyofunguliwa 1847. Humo Jean Neuhaus alianzisha duka la dawa 1857, na 1912 mjukuu wake mwenye jina lilo hilo akabuni pralini, yaani chokoleti yenye kitu laini ndani. Wageni hununua pralini kwa masanduku. Zaidi ya nusu ya kakao ya ulimwengu hulimwa Kodivaa na Ghana, na katika mashamba hayo wamo watoto ambao mahali pao palikuwa shuleni. Deni hili ni la leo, na mnunuzi aweza kuuliza leo, dukani, kabla ya kufungua mkoba. Kome waliopikwa kwa divai nyeupe, na viazi vilivyokaangwa mara mbili katika mafuta ya ng'ombe, fahari ya meza za Brussels, havina kesi kubwa kama hiyo. Na haidhuru mtu akivila kwa raha.

Lakini msomaji wa Kiswahili asifanye haraka kukaa katika kiti cha hakimu. Lugha yenyewe anayoisoma ilifika Maniema na Kisangani pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye kitabu cha maisha yake ni miongoni mwa nathari za kwanza za Kiswahili zisomwazo vyuoni, alipatana na Stanley kule Unguja 1887, akawa liwali wa Leopold katika maporomoko ya Stanley. Alifariki Unguja 1905, mwaka ule ule tao la Brussels lilipokamilika. Nyumba yake ingali imesimama Mji Mkongwe. Mwaka 2000 UNESCO iliingiza katika orodha ya urithi wa ulimwengu nyumba nne za Horta za Brussels, ikiwamo ile ya van Eetvelde. Na mwaka huo huo iliingiza Mji Mkongwe wa Zanzibar. Milango iliyonakshiwa ya Unguja hutazamwa na wageni kama kioo cha Horta kitazamwavyo, na mwenyeji anayewaongoza wageni hao, akisifu nakshi na kunyamaza juu ya wapagazi, hushindwa kwa kipimo kile kile. Hili halimpunguzii Leopold hata chembe ya mzigo wake. Laonyesha tu kuwa mizani ikishikwa kwa ajili ya mwenzio, haina budi kupima na kwako.

Katika mtaa wa Ixelles, kwenye sehemu iitwayo Matonge kwa jina la mtaa wa Kinshasa, mgeni aweza kula pondu, yaani kisamvu, kwa samaki wa chumvi na chikwange. Kando yake pana uwanja uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018, miaka 57 baada ya kuuawa kwake. Juni 2022 jino lake, kitu pekee cha mwili wake kilichosalia, lilikabidhiwa kwa jamaa zake mjini humo. Mfalme Philippe aliandika 2020 kuwa anajuta, akayarudia maneno hayo Kinshasa 2022, radhi hakuomba. Tofauti yake si ndogo. Majuto hukaa kwa mwenye kujuta. Radhi huombwa kwa mtu, na aliyeombwa aweza kukataa.

Mwenye kutaka kuona jambo hili kwa macho na apande tramu namba 44 hata Tervuren, nje kidogo ya mji. Mwaka 1897 Leopold aliwaleta huko watu 267 kutoka Kongo, wakawekwa katika vibanda kando ya maji ili watazamwe katika maonyesho. Saba hawakurudi: Ekia, Kitukwa, Mibange na wenzao wanne wamezikwa karibu na kanisa la mji huo. Jumba la makumbusho lililofunguliwa pale 1910 lina ukuta wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo katika siku za Leopold. Jina la Mkongo halikuandikwa hata moja. Jumba lilipofunguliwa upya Desemba 2018, baada ya matengenezo ya miaka mitano, Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, alikuwa ameyaandika majina ya Wakongo katika vioo vya dirisha linaloukabili ukuta huo. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo huanguka juu ya yale 1,508, na mtazamaji husoma yote pamoja. Siku ya mawingu, na Brussels ina siku nyingi za mawingu, hana budi kugeuka mwenyewe akatazame dirishani.