Nani Aliazima?

Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza hapa Moshi huandika "borrow me your ruler", nami husahihisha: anayetoa ana neno lake, "lend", na anayepokea ana lake, "borrow". Kosa hilo halitokani na uvivu. Linatoka kwenye Kiswahili chetu. "Niazime rula," husema mtoto. Akishapewa husema, "Nimeazima rula kwa dada." Kitenzi ni kimoja kwa wote wawili.

Kwenye fedha tunatenganisha: huyu anakopa, yule anakopesha. Nadhani sababu ni kitu chenyewe. Jembe huondoka na kurudi jembe lile lile. Fedha huliwa, zikarudi nyingine, kama zitarudi. Ndiyo maana wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Penye wasiwasi, lugha imeweka mpaka.

Kwenye jembe, kukosa mpaka naona ni uungwana. Leo unatoa, kesho unahitaji, na neno halimkumbushi mtu yuko upande gani.

Lakini chukua ardhi. Huku mlimani familia ina kihamba chake cha migomba na kahawa, na nyingine zina shamba la mahindi huko chini tambarare. Shamba hilo likiazimwa, wazee hukubaliana kwa mdomo. Wakishafariki, wajukuu wanaweza kufika baraza la kata na sentensi moja: "Babu aliazima shamba lile." Alilitoa au alilipokea? Kila upande una babu yake, na sentensi inawafaa wote. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inatoa miaka 12 ya kudai ardhi, lakini mahakama zimeshikilia kwamba mtu aliyekaribishwa hageuki mwenye shamba kwa kukaa muda mrefu. Basi haki yote inasimama juu ya swali ambalo neno letu halijibu: nani alimkaribisha nani?

Kwa jembe, kumbukumbu ya majirani inatosha, maana kesho asubuhi wote wawili wapo. Kwa kitu kitakachoishi kuliko waliokubaliana, uungwana ni kusema wazi, mbele ya watoto wa pande zote mbili: shamba ni la fulani, na huyu analima kwa ruhusa yake. Kusema hivyo hakupunguzi ukarimu. Kunawawezesha wajukuu kuurithi bila kugombana.