Gideoni Alikwenda Usiku



Tumeombwa tuandike juu ya kujiamini, kwa kuwa vijana wetu wa kipaimara wameliuliza neno hilo darasani. Wanasema kila mahali wanaambiwa wajiamini, lakini hakuna anayewaambia hiyo kazi huanzia wapi. Swali lao ni la haki. Ili tulijibu, tunawaomba mfungue kitabu cha Waamuzi, mlango wa 6.

Hapo twamkuta Gideoni akipura ngano ndani ya shinikizo la zabibu. Sisi tuliokulia kwenye ulezi na mtama twajua kwamba nafaka hupurwa mahali pa wazi, penye upepo wa kuchukua makapi. Gideoni alipura mafichoni kwa sababu aliwaogopa Wamidiani. Malaika wa Bwana akaja, akaketi chini ya mwaloni pale Ofra, akamwita shujaa. Tukisoma hapo wengine hucheka moyoni. Shujaa gani huyu, aliyejificha na ngano yake?

Tazameni jinsi alivyojibu Mungu alipomtuma. Hakusema lolote juu ya nguvu zake wala imani yake. Alisema habari za ukoo: kwamba jamaa yake ndiyo maskini kuliko zote katika Manase, naye ndiye mdogo nyumbani mwa baba yake. Jibu hilo lingeweza kutolewa na mtu wa Tarime au wa Serengeti. Huku kwetu mtu akiulizwa yeye ni nani, hutangulia kusema yeye ni wa nani: wa Wanyabasi, wa Watimbaru, wa Wairege. Hatusemi ni vibaya. Ukoo humlea mtu, humwoza, na siku yake ikifika humzika. Lakini aliyezoea kujitazama kwa jicho la ukoo peke yake hujiona mdogo ukoo ukimwona mdogo, na hujiona mkubwa ukoo ukimsifu. Huko si kujijua. Ni kusoma barua iliyoandikwa na wengine.

Nasi walimu tusijitoe. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kusimama wima, kutoa sauti, na kuandika ubaoni bila kuwapa watoto mgongo. Tulipoajiriwa tukajiona watu wa kujiamini kabisa. Mtoto alipouliza swali tusiloliweza, tulimwambia aketi, na hilo nalo tulilihesabu kuwa ni kujiamini.

Mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, msichana wa darasa la sita alitujia baada ya vipindi, tukiwa tunasahihisha madaftari. Alisimama mlangoni akaomba jambo moja: akae nyumbani kwetu siku za likizo, achote maji, apike, afanye kazi yoyote. Hakusema sababu, wala sisi hatukuhitaji kuambiwa. Ulikuwa mwaka unaogawanyika kwa mbili, na sote twajua miaka hiyo ina maana gani huku kwetu Desemba inapokaribia. Tulimjibu kwa upole mwingi. Tulimwambia kwamba wazazi wake wanampenda, na mtoto mwema huwatii wazazi, tena tukamtajia amri ya tano. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Akaenda zake. Januari hakurudi shuleni. Tuliambiwa amekwisha tahiriwa, na kwamba ameolewa mbali, na ng'ombe wamekwisha pokelewa.

Jambo lile tuliliita hekima. Tuliliita kuheshimu mila za watu. Tuliliita hata utii kwa neno la Mungu. Ilipita miaka kabla hatujaliita kwa jina lake, nalo ni hofu. Tuliwaogopa wazee wa mila. Tuliogopa kutengwa, jirani asije kwetu siku ya msiba. Mtu asiyejijua huipa hofu yake jina zuri, kisha akaiheshimu.

Na yule mtoto? Yeye ndiye aliyejua. Alijua anaogopa nini, na alijua ni mlango gani miguu yake ingeweza kumfikisha kabla ya likizo. Mle ofisini tulikuwa wawili, na aliyejiamini alikuwa mmoja, naye hakuwa mwalimu.

Turudi kwa Gideoni. Kabla ya vita yoyote Mungu alimpa kazi ambayo, kwa maoni yetu, ni ngumu kuliko vita: aibomoe madhabahu ya Baali. Madhabahu yenyewe haikuwa ya Wamidiani. Ilikuwa ya baba yake mzazi. Gideoni akachukua watumishi kumi akaenda usiku, na Maandiko hayafichi sababu: aliwaogopa watu wa nyumba ya baba yake na watu wa mji. Tunaipenda sana aya hiyo ya 27. Hofu imeandikwa na kazi imeandikwa, vyote katika aya moja. Gideoni hakungoja hofu iishe. Aliijua, akaipimia njia, akachagua saa ambayo angeweza kutembea pamoja nayo. Wahubiri wengine humlaumu kwa kwenda usiku. Sisi tuliokaa nyumbani mchana kweupe hatuna la kumlaumu.

Asubuhi watu wa mji walikuja mlangoni wakitaka kijana atolewe auawe. Walimwambia Yoashi, baba yake. Kumbukeni mali iliyobomolewa ilikuwa yake, na aibu ilikuwa juu ya nyumba yake. Yoashi akawajibu kwamba Baali, kama kweli ni mungu, basi na ajitetee mwenyewe. Mzee huyu hahubiriwi vya kutosha. Mpaka usiku ule aliishi na madhabahu ambayo, yaonekana, hakuwa na moyo nayo tena, asithubutu kuigusa. Mwanawe alipothubutu, baba naye akajitambua.

Twasema haya kwa sababu wapo akina Yoashi wengi katika wilaya zetu mbili, wangali kimya. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa 2022 ulionyesha 28. Tunamshukuru Mungu kwa upungufu huo. Lakini waliobaki si watu wasioijua sheria. Tumeketi na baba akatuambia sebuleni, kwa sauti ya chini, kwamba yeye binafsi hapendi binti yake apelekwe kwa ngariba. Kesho yake mbele ya wenzake tukamwona ananyamaza. Tumemsikia mama akisema kwamba binti ataitwa msagane kisimani na sokoni, na hataolewa. Huyo mama hakuwa akimchukia mtoto. Alikuwa akisoma barua ile ile iliyoandikwa na wengine, akidhani ni mkono wake mwenyewe.

Mwaka 2014, chini ya Dayosisi yetu ya Mara, nyumba salama ilifunguliwa pale Mugumu kwa ajili ya wasichana wanaokimbia kukeketwa. Aliyeiongoza, Rhobi Samwelly, ameeleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alikeketwa akiwa na miaka 13 na akapoteza damu nyingi. Mwaka 2017 alianzisha shirika lake, ambalo limeiendeleza kazi hiyo. Wilayani Tarime, kule Masanga, masista wa Kanisa Katoliki nao wamekuwa wakiwapokea wasichana msimu unapofika. Wengine hufika kwa miguu, wametembea usiku kama Gideoni. Msimu ukiisha wazazi huitwa kuzungumza, polisi na ustawi wa jamii wakiwapo, na huombwa waandike ahadi kwamba binti akirudi hatakeketwa. Wapo wanaokataa. Wapo wanaoweka sahihi, au dole gumba, na kuondoka na mtoto wao mkononi. Baba anayefanya hivyo anajua vizuri watu watakaomngoja mlangoni asubuhi.

Sasa, vijana wetu wanauliza kazi hii huanzia wapi. Zaburi ya 139 yatufaa. Mwimbaji wake anakiri kwamba Mungu alimfanya na kumjua tangu tumboni mwa mama, na kwa hiyo mwili wa binti haukutoka mkononi mwa Mungu ukiwa haujakamilika. Lakini msiishie hapo, maana mwimbaji huyo huyo, mwishoni, anamwomba Mungu amchunguze moyo. Vijana hupenda nusu ya kwanza. Wazee tunaihitaji zaidi nusu ya pili.

Kwa hiyo darasani tumewapa vijana kazi ndogo. Kila mmoja aandike mambo mawili: lile analoliogopa kuliko yote, na lile ambalo mikono yake hulifanya vizuri pasipo kusukumwa. Karatasi hizo hatuzisomi. Mmoja aliuliza kama ni dhambi kuandika kwamba anaogopa. Tukamsomea mlango wa 7, Gideoni alipoambiwa awaruhusu wote wenye hofu warudi kwao, wakaondoka watu 22,000. Maandiko hayasemi kwamba waliadhibiwa. Afadhali askari anayeijua hofu yake akarudi nyumbani kuliko anayeificha mpaka siku ya vita, akamwacha mwenzake peke yake. Tuliposema hayo darasa lilikuwa kimya, nasi tulikuwa na sababu yetu ya kunyamaza.

Yuko na Gideoni wa mlango wa 8, ambaye hasomwi sana. Baada ya kushinda na kusifiwa alikataa ufalme, hilo ni jema, lakini akaomba pete za masikio za nyara, akatengeneza efodi ya dhahabu, akaiweka mjini kwake Ofra, nayo ikawa mtego kwake na kwa nyumba yake. Aliyekuwa salama alipojijua mdogo alinaswa watu walipomwita mkubwa. Vijana mnaofanya vizuri katika mitihani, mlango huo ni wenu. Nasi wastaafu tunaopenda kuitwa "mwalimu" barabarani, ni wetu pia.

Katika ungamo la sala ya asubuhi, Kitabu cha Sala chatutangulizia mambo tuliyoyaacha kabla ya yale tuliyoyatenda. Tulilisema ungamo hilo miaka mingi kama watu wanaohesabu hatua. Siku hizi tukifika mahali pale twamwona mtoto amesimama mlangoni.

Shule zitafungwa mapema Desemba. Mwenyekiti wa kitongoji amearifiwa, na ofisa ustawi wa jamii amekuja kupaona. Chumba cha nyuma kimefagiliwa, kina vitanda viwili na chandarua. Nyumba nyingine tatu za mtaa wetu zimejiandikisha kwa Mchungaji. Anayetaka kuongeza ya nne amwone yeye baada ya ibada, au kama anaona haya, amwendee usiku.