Mto wa Rangi ya Chai

Mjukuu wangu aliniuliza swali, tulipokuwa tumeketi barazani hapa Maji ya Chai na kitabu chake cha picha kimelala magotini pake, ambalo tangu siku ile halijapata kunitoka moyoni: "Babu, mbona mto wa kitabuni una maji ya samawati, na wetu hauna?" Nilitaka kumjibu upesi, kama ilivyo ada ya wazee, kwamba ile ni picha tu; lakini neno hilo la mwisho lilinikwama ulimini, maana kwa mtoto wa miaka sita picha ni shahidi, na shahidi huyo akihitilafiana na macho yake, mtoto hana budi kumkadhibisha mmoja wao; na kwa kuwa kitabu amekipokea mikononi mwa wakubwa anaowaheshimu, aghalabu huyakadhibisha macho.

Hapo ndipo jambo linalodhaniwa kuwa la darasani linapoingia katika mlango wa dini. Wasomao Kurani wajua kuwa Adamu alifundishwa na Mola wake majina ya vitu vyote, na wasomao Biblia wajua kuwa wanyama waliletwa mbele yake ili ionekane atawaitaje. Habari hizi mbili si moja, wala sitaki kuzichanganya. Ila katika ile ya pili mnyama alifika kwanza, jina likafuata. Kitabu cha picha hupindua utaratibu huo, kwa kuwa mtoto hupewa jina na sura kabla hajakutana na dhati ya kitu. Je, yafaa kumwonyesha kiumbe kivuli cha dunia kabla ya dunia yenyewe?

Comenius, askofu wa kanisa la Ndugu wa Moravia, aliyechapisha mwaka 1658 katika mji wa Nuremberg kitabu cha Orbis Pictus, ambacho wengi hukihesabu kuwa mzee wa vitabu vyote vya picha vya watoto, aliamini kuwa hakuna kiingiacho akilini pasipo kupita kwanza katika hisi. Kwa hiyo picha kwake ilikuwa naibu wa kitu kisichoweza kuletwa darasani. Nami naridhika na unaibu huo. Naibu hukalia kiti mwenyewe asipokuwapo, na mwenyewe akibisha hodi, huinuka. Kinachonihuzunisha ni kwamba huku kwetu, chini ya Mlima Meru, mwenyewe amesimama mlangoni na hatumkaribishi: mtoto aweza kutaja twiga na mbega ukurasa kwa ukurasa, na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto iko jirani naye, wala asipate kuingia hata siku moja mpaka awe mtu mzima.

Lugha yetu ingetusaidia kama tungeisikiliza. Kahawia imetoka kwenye kahawa, na mibuni imo mashambani kwetu; kijani ni jani, kijivu ni jivu la jikoni, na hata samawati, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mbingu. Basi mtoto anapotaja rangi iliyo kitabuni, ulimi wake umekwisha kutoka nje kabla ya miguu, na kazi ya mlezi ni kuifuatisha miguu.

Nikamshika mkono tukashuka mtoni. Aliyatazama maji yale, ambayo rangi yake ndiyo iliyoupa mji wetu jina, kisha akafungua kitabu akalinganisha, kwa makini ya kadhi anayewasikiliza wadaawa wawili. "Babu, aliyechora hajafika kwetu?" Nikamwambia, "Hajafika, mjukuu wangu. Alichora wa kwao." Akaridhika. Hakumwita mwongo yule mchoraji, na kwa hilo nilimshukuru Mungu.

Lakini kuna la pili, ambalo ni zito zaidi. Watoto wote wa kitabuni wanacheka, na meno yao yote ni meupe. Wa kwetu wengi wana meno ya kahawia. Miamba ya volkano ya Meru huingiza floridi katika maji, nyingi kupita kiasi, nayo huyaathiri meno yakingali yanajiumba ndani ya ufizi. Floridi haina rangi, na hata kama mto ungekuwa mweupe kama kioo, isingeonekana. Hapa basi hata macho hayatoshi kuwa shahidi, na lazima mzee aseme. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefundisha kuichuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, elimu ambayo ningependa kuiona imechorwa, pamoja na tanuri lake na ndoo zake, katika kitabu cha watoto.

Njiani kurudi aliufungua ukurasa wa watoto wanaocheka, akaukazia macho muda mrefu, akafunika kinywa chake kwa kiganja. Hakuuliza neno. Nilipiga goti mbele yake, nikacheka mpaka akayaona meno yangu yote, nami nilizaliwa papa hapa, akakiondoa kiganja.