Ada ya Fundi, Haki ya Mtoto

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Januari, katika maegesho ya kituo kimoja cha zimamoto mjini Columbus, Ohio, nilipoulizwa swali ambalo tangu siku hiyo sijaweza kulitua. Baba mmoja aliyezaliwa Fizi, akalelewa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na ambaye alikuwa na miezi mitatu tu nchini Marekani, alisimama kando ya gari lake kuukuu akinitazama nikiwa nimepiga goti kwenye kiti cha nyuma. Binti yake wa miaka miwili alikuwa amevalishwa koti zito la baridi na mikanda ikafungwa juu ya koti. Koti la namna hiyo husinyaa gari linapogonga, na mkanda ulioonekana umekaza hubaki umelegea juu ya mwili wa mtoto. Tulimvua koti, tukakaza mikanda, kisha tukamfunika koti lile kwa juu kama blanketi. Kazi ilipokwisha baba akafungua pochi yake. "Dada, tunalipa franga ngapi?"

Nilimwambia hakuna malipo. Sikuiona furaha niliyoitazamia. Alinitazama kwa shaka, kama mtu aliyetajiwa bei ya chini mno sokoni, kisha akamgeukia mkewe na kumwambia neno kwa Kibembe. Baadaye mkewe alinifasiria huku akicheka: mumewe alikuwa ameuliza kama kweli mimi ni fundi.

Kwa msomaji asiyeishi Marekani, yafaa nieleze kazi yenyewe. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kumekuwa na mafunzo ya kitaifa ya watu wanaowasaidia wazazi kufunga viti vya watoto katika magari. Cheti hutolewa na shirika la Safe Kids Worldwide. Mafunzo huchukua siku kadhaa, na cheti hudumu miaka miwili. Anayetaka kukihuisha hulipa ada, husoma zaidi, na huthibitisha kuwa ameendelea kukagua viti. Wengi wa mafundi hawa hufanya kazi hiyo bila kumtoza mzazi, katika vituo vya zimamoto, hospitali na viwanja vya mikutano ya jamii. Wapo pia wanaojitegemea, ambao humfuata mzazi nyumbani na kumtoza ada. Mimi ni mmoja wa mafundi hao, ingawa riziki yangu huipata kwa kufundisha Kiswahili chuoni. Niliingia katika mafunzo kwa sababu hapakuwa na mtu wa kueleza mambo haya kwa Kiswahili, na nilikuwa nimechoka kutafsiri nisichokielewa.

Je, fundi huyu anayo haki ya kumtoza mzazi ada?

Tuanze na shaka ya yule baba, kwa kuwa haikuwa ya kipuuzi. Katika lugha yetu fundi ni mtu wa kulipwa. Fundi cherehani, fundi mwashi, fundi seremala: mikono yake ndiyo shamba lake, na hakuna aibu anapotaja bei kabla ya kushika chombo. Waliotutangulia walisema mkono mtupu haulambwi. Asiyetaja bei ama ni mwanafunzi anayejifunza kwa mali ya mwenzake, ama ana jambo lake. Mtu aliyekulia kambini, ambako vitu vingi hutolewa bure na vingi kati ya hivyo huwa pungufu, ana sababu ya ziada ya kulitilia mashaka neno "bure".

Hoja ya pili ya kutetea ada ni nzito zaidi, na mara nyingi hupitwa kimya na wanaosifu kujitolea. Kazi ya bure hulipiwa na mtu fulani. Kiti kimoja kinaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Familia yenye watoto watatu humaliza asubuhi nzima. Jumamosi hizo hutolewa na nani? Hutolewa na mwenye Jumamosi. Katika darasa langu tulikuwa wanawake wawili tunaozungumza Kiswahili. Mwenzangu alikuwa akifanya kazi ya usiku ghalani na kazi ya mchana katika nyumba ya wazee. Cheti chake kilipokwisha muda hakukihuisha, wala sikuwa na ujasiri wa kumlaumu. Kujitolea kulimchuja yeye na kuniacha mimi, wala si kwa sababu nilikuwa hodari kuliko yeye. Nilikuwa na nafasi tu. Basi tunaposema huduma hii iwe bure bila kusema zaidi, tunakuwa tumekwisha amua kwamba mafundi wawe watu wenye nafasi, na wenye nafasi katika nchi hii si wengi miongoni mwa wasemao Kiswahili.

Kwa hoja hizo, mwaka wangu wa nne nikaanza kutoza. Sikutoza kila mtu. Bwana mmoja mwenye kazi nzuri alinitaka nimfuate nyumbani kwake jioni, mwendo wa dakika arobaini, nami nikamwomba dola 40. Alilipa kwa moyo mkunjufu na akanishukuru. Sikuona kosa hapo, na hadi leo naamini kuwa baina yangu na yeye halikuwapo.

Miezi miwili baadaye tulikutana harusini. Usiku, watu wakitawanyika, nilimwona shemeji yake akimweka mwanawe wa miezi mitano garini. Kiti kilikuwa kimetazama mbele. Mtoto wa umri ule kichwa chake ni kizito na shingo yake bado changa. Kiti chake hutakiwa kitazame nyuma, ili nguvu ya mgongano ipokewe na mgongo mzima badala ya shingo. Nilivua viatu vya harusi, nikaingia garini na mama yule, tukakigeuza kiti kwa mwanga wa simu. Nilimwuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwa nini hakunipigia simu. Akajibu bila kinyongo, "Nilisikia ni dola 40, mwalimu. Nami nikaona kiti changu kimekaa vizuri tu."

Mtoto yule ni mzima, na sasa anakimbia. Sisimulii habari ya msiba. Lakini sentensi ile ya mama ina sehemu mbili, na ni sehemu ya pili iliyonifanya niache kutoza. Hakusema kwamba hakuwa na dola 40. Alisema kwamba kiti chake kilikuwa kimekaa vizuri.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya kazi hii na ya fundi cherehani. Nguo ikikubana unajua. Paa likivuja unajua. Maumivu ya jino hukupeleka kwa tabibu hata kama ada ni kubwa, kwa sababu jino lenyewe ndilo linalokushauri. Kiti kilichofungwa vibaya hakiumi. Mtoto hulala ndani yake kwa utulivu, safari moja baada ya nyingine, na kila safari iliyokwisha salama humthibitishia mzazi kwamba hakukosea. Utafiti wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani uliofanyika mwaka 2011 uliona kuwa takriban asilimia 46 ya viti vya watoto, pamoja na vile vya kuwainulia waliokua kidogo, vilitumiwa kwa kosa linaloweza kupunguza uwezo wake wa kumkinga mtoto. Wazazi hao si wazembe. Walinunua kiti, wakasoma kijitabu, wakakaza mkanda. Wanachokikosa hawakijui, na hawajui kwamba hawakijui.

Bei ni kipimo kizuri cha mahitaji yanayohisiwa, kwani humtaka mtu apime: je, ninalihitaji jambo hili kiasi cha kulitolea fedha hii? Kwa hitaji lisilohisiwa, bei huuliza swali ambalo muulizwa hana njia ya kulijibu. Atakayelipa ni yule ambaye tayari ana wasiwasi, yaani aliyekwisha soma, akasikia, akashuku. Atakayebaki nje ni yule aliyeridhika kimakosa. Kwa hiyo ada huwachuja wazazi kwa namna mbaya kuliko zote: huwaondoa kwanza wale ambao ukaguzi uliwekwa kwa ajili yao. Tena umaskini si lazima uwepo ili jambo hilo litokee. Mama yule wa harusini angeweza kulipa.

Kuna jambo la pili ambalo ada hulifanya, nalo ni kubadili uhusiano. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 habari za shule za watoto wadogo mjini Haifa. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto; shule zikaweka faini; kuchelewa kukaongezeka. Mzazi aliyekuwa akiona haya mbele ya mwalimu sasa aliona kuwa amenunua muda. Faini ilipoondolewa, haya haikurejea. Nami niliona kitu kinachofanana na hicho. Tulifundishwa kwamba fundi wa viti asimfungie mzazi kiti akaondoka. Anatakiwa amwongoze hadi mzazi mwenyewe akifunge kwa mkono wake, kisha akishike pale mkanda unapopita na kukitikisa aone kuwa hakisogei zaidi ya inchi moja. Yule bwana wa dola 40 alikaa sebuleni. "Nifungie tu, dada," aliniambia, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa alikuwa amemlipa fundi. Wiki iliyofuata alikihamishia kiti kile katika gari la mkewe. Hakuna aliyekuwa amemfundisha namna ya kukifunga.

Basi jina "fundi" ndilo lililotupotosha tangu mwanzo. Kazi hii ni ualimu. Na kuhusu ujira wa mwalimu, wanaosoma Kiswahili wanao urithi wa mjadala wa karne nyingi. Wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataa mwalimu asipokee ujira kwa kusomesha Kurani, kwa kuwa tendo hilo ni ibada, na ibada haiuzwi. Wale wa Shafi, ambao ndio wanaofuatwa na wengi katika mwambao wa Afrika Mashariki, waliruhusu. Lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba Wahanafi wa baadaye nao waliruhusu, na sababu waliyoitoa. Zamani, walisema, mwalimu alipata posho kutoka Baitulmali. Posho zile zilipokatika, mwalimu alilazimika ama kutafuta riziki kwingine na kuacha kusomesha, ama kupokea ujira. Elimu ingepotea. Ruhusa yao, basi, ilikuwa pia ushahidi juu ya hazina iliyoacha wajibu wake.

Kwa mwanga huo naona kwamba swali letu liliulizwa vibaya. Tuliuliza: mzazi alipe au fundi ajitolee? Ada huwachuja wazazi, kujitolea huwachuja mafundi, na katika njia zote mbili anayepunjwa ni mtoto, ambaye hakuulizwa. Aliyesahauliwa katika swali ni yule aliyeweka wajibu wenyewe. Jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kwanza ya viti vya watoto mwaka 1977, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote yalikuwa na sheria za namna hiyo. Leo mzazi anayembeba mtoto mdogo bila kiti hutozwa faini. Dola inayomwadhibu mtu kwa kutotimiza jambo gumu inadaiwa kumfundisha namna ya kulitimiza. Wala si kwamba hazina haijui. Serikali ya shirikisho hutoa ruzuku za usalama barabarani, na majimbo yanayozitafuta hutakiwa kuonyesha kuwa yana vituo vya ukaguzi wa viti. Kinachokosekana ni posho ya mtu anayekwenda na Kiswahili, au Kisomali, au Kinepali, hadi kwenye maegesho ya nyumba ambazo watu hao wanaishi.

Atasema mtu kwamba hayo ni maneno ya kungojea, na watoto hawangojei. Ni kweli. Kwa muda huu ambao hazina imenyamaza, simhukumu fundi anayetoza, hasa asiye na kipato kingine. Hoja ya Wahanafi wa baadaye inamkinga. Namwomba jambo moja tu: bei isitangulie mlangoni. Mzazi akija, kiti kikaguliwe kwanza. Kama kuna anayeweza kulipia mwendo wa gari, alipie mwendo. Maarifa yenyewe yasiwekewe sharti. Mimi nilirejea kukagua bure, na sambamba na hilo nikaanza kupeleka ankara kwa taasisi zinazoniita kutafsiri siku za ukaguzi. Taasisi moja ililipa. Nyingine ilinijibu kwamba ilidhani najitolea. Nikawajibu kwamba najitolea kwa wazazi.

Kuhusu yule baba wa Fizi, nilimweleza mwezi uliofuata, alipokuja na gari la jirani yake, kwamba mimi si fundi bali ni mwalimu, na kwamba safari hii ningesimama pembeni na yeye ndiye angemwonyesha jirani. Alifunga kiti, akakitikisa, hakikusogea. Mkewe alishuka na bakuli la sombe lililofungwa kwa kitambaa, lingali moto. Nililipokea kwa mikono miwili. Safari hii baba hakuuliza bei.